Je, Mahali Petu pa Kale Pana Namba?

Somo la vikundi vya maendeleo, kamati za miradi, walimu na wazee wa vijiji

Mtoto akizaliwa tunamtafutia cheti. Akifika miaka 18 anatafuta kitambulisho. Pikipiki ina namba nyuma, na shamba likikosa namba kila mtu anajua kesi haiko mbali. Lakini kile kilima chenye vigae vya vyungu vya watu wa zamani, au lile boma la mawe ambalo hata babu zetu walilikuta, mara nyingi hakina hata karatasi moja ofisini. Sisi tunapaita "pale kwa mawe", na basi.

Shida inaanza ile siku lori linakuja kuchota changarawe. Mwanakandarasi ana barua, ana ramani, ana mhuri. Sisi tuna maneno ya mdomo tu. Mzee akisema, "Hapo msiguse, hapo ni pa kale," anaulizwa swali moja: "Pameandikwa wapi?" Jioni ile kilima kimekwisha kuwa barabara, na hakuna aliyevunja sheria akijua.

Katika somo hili tutaona jinsi mahali pa kale panavyopewa namba rasmi hapa Kenya, namba hiyo inasaidia nini, haisaidii nini, na kikundi cha kawaida kinaweza kufanya nini ili ipatikane. Neno letu kuu ni hili: namba iombwe mapema, kabla ya tingatinga. Baada ya tingatinga hakuna cha kuandikisha.

NAMBA YENYEWE NI YA NAMNA GANI?

Kazi ya kutunza kumbukumbu za mahali pa kale ni ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambayo wengi tunaijua kwa herufi NMK. Wataalamu wake wa mambo ya kale wanatumia mtindo wa namba unaoitwa SASES. Mtindo huu ulipendekezwa na mwanaakiolojia Charles Nelson mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili mahali popote pa kale Afrika paweze kuandikwa kwa njia moja bila kuchanganya majina. Maana majina yanachanganya. Kenya tuna milima mingapi inayoitwa Kilima Mbogo? Na mahali pamoja panaweza kuwa na majina matatu, kila ukoo na lake.

Namba ya SASES inaonekana hivi: GvJm22. Ukiitazama mara ya kwanza unaona kama fumbo, lakini ni rahisi. Wacha tuifungue polepole.

Fikirieni ramani ya Afrika imechorwa mistari kama daftari la hesabu. Kwanza kuna miraba mikubwa, kila mmoja una upana wa digrii 6. Herufi kubwa ya kwanza inaonyesha mkanda wa kaskazini kwenda kusini, na herufi kubwa ya pili inaonyesha mkanda wa magharibi kwenda mashariki. Mkanda G unaanza digrii 4 kaskazini ya ikweta na kuishia digrii 2 kusini. Mkanda J unaanza digrii 34 mashariki na kuishia digrii 40. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kenya imo ndani ya mraba wa G na J.

Kisha kila mraba mkubwa unagawanywa vipande 24 kila upande, kuanzia herufi ndogo a mpaka x. Kipande kimoja ni dakika 15, yaani robo ya digrii. Kwetu hapa karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 28 kila upande. Ndiyo sababu kipande kimoja kinalingana na shiti moja ya ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo walimu wa jiografia wanazijua vizuri.

Mwisho kuna tarakimu. Hiyo ni hesabu tu: mahali pa 1, pa 2, pa 3, kadiri panavyoandikishwa ndani ya kipande hicho. Basi GvJm22 ni mahali pa 22 kuandikishwa katika kipande Gv na Jm. Ni wapi? Ni katika mlima wa Lukenya, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Kilima hicho kimoja kina namba kadhaa, kama GvJm16, GvJm22 na GvJm46, kwa sababu watu wa kale waliishi chini ya miamba yake sehemu mbalimbali na nyakati mbalimbali.

ZOEZI DOGO LA HESABU

Simu nyingi za siku hizi zina ramani ndani. Ukibonyeza pale ulipo na kushikilia kidole, zinatokea namba mbili. Tuseme zimetokea -1.47 na 37.07. Ya kwanza ni latitudo, na alama ya kutoa maana yake tuko kusini ya ikweta. Ya pili ni longitudo, upande wa mashariki.

Chukua sehemu iliyo baada ya nukta uizidishe kwa 60 upate dakika. 0.47 mara 60 ni kama 28. 0.07 mara 60 ni kama 4. Kwa hiyo tuko digrii 1 na dakika 28 kusini, na digrii 37 na dakika 4 mashariki.

Katika mkanda G, ikweta inaangukia mwanzo wa herufi q. Tukishuka kusini kwa dakika 15 kila herufi: q, r, s, t zinamaliza digrii moja. Kisha u ni digrii 1 mpaka digrii 1 na dakika 15, na v ni mpaka digrii 1 na dakika 30. Sisi tuko dakika 28, kwa hiyo ni Gv. Katika mkanda J, kila digrii moja ina herufi nne. Digrii 34 ina a, b, c, d; digrii 35 ina e, f, g, h; digrii 36 ina i, j, k, l; na digrii 37 inaanza na m. Sisi tuko dakika 4 tu baada ya 37, kwa hiyo ni Jm. Kumbe tumefika Lukenya bila kupanda matatu!

Lakini sikilizeni vizuri. Herufi mnaweza kuzipata wenyewe kama tulivyofanya. Tarakimu ya mwisho hampaswi kujipa. Hiyo inatolewa na NMK peke yake, kwa sababu wao ndio wenye orodha. Kikundi kikijiandikia "namba 1" na kikundi cha pili nacho kikijiandikia "namba 1", tumerudi kule kule kwa Kilima Mbogo.

INASAIDIA NINI?

Kwanza, mahali panaanza kuwako kwenye karatasi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa, kama barabara, machimbo na mabwawa, ifanyiwe uchunguzi wa athari kabla ya kuanza. Wanaochunguza wanatakiwa kuangalia pia urithi wa kale. Mahali penye namba panaonekana mezani kwao. Mahali pasipo na namba panategemea bahati, kwamba siku ile mtaalamu alipita njia ile na hakuchoka.

Pili, kila kitu kinachookotwa kinabaki na kwao. Kule Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mahali palipopatikana zana za mawe mwaka 1969 panajulikana kama FxJj1. Namba hiyo inafuatana na kila jiwe lililotoka pale. Jiwe likitengwa na mahali pake ni jiwe tu, hata kama mkono wa mtu ulilichonga karibu miaka milioni 2 iliyopita. Halina tena la kutuambia.

Tatu, mahali ambapo wenyeji wanapajua kwa macho tu panaweza kufunguka. Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, kuna nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji wa kale kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Namba yake ni GeJi9. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba chini ya jukwaa lile kuna kaburi la pamoja la watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo. Fikirieni kama mtu angalizichukua zile nguzo kujengea boma la mbuzi.

Nne, kumbukumbu nzuri inaweza kurudisha kilichoibwa. Pwani, Wamijikenda husimamisha vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga mzee mmoja picha akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, vikaja kuonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, kila kimoja na chake. Ile picha ndiyo iliyothibitisha vilitoka wapi, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Vigango vingi vingine vilivyopotea havina picha wala maandishi. Vitarudi kwa nani?

SHAMBA LANGU LITACHUKULIWA?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila mahali, na ndilo linalowafanya watu wengi wanyamaze. Mwenye shamba anaona vigae, anavifukia haraka, anasema, "Nikisema, serikali italeta ua na askari." Tusimcheke. Hofu yake ina sababu, na anastahili jibu la kweli, si la kumtuliza.

Jibu ni hili. Kuandikishwa na kutangazwa ni mambo mawili tofauti. Namba ya SASES ni kumbukumbu tu. Haibadilishi hati ya shamba, haihamishi mpaka, wala haimkatazi mtu kulima pale anapolima. Ni kama kuandika jina katika daftari.

Kutangazwa ni hatua nyingine kabisa. Hapo Waziri, baada ya kushauriana na NMK, anaweka tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kwamba mahali fulani ni pa kulindwa. Mahali pakitangazwa, kunaweza kuwa na masharti juu ya kujenga, kulima au kuchimba. Tangazo hilo huwa na nafasi ya wananchi kutoa pingamizi. Kwa hiyo mwenye shamba asome, aulize, na akiona hakubaliani aandike mapema.

Tena tujue kwamba sheria hiyo inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali, hata kama ardhi ni yako. Vitu hivyo ni vile vya kabla ya mwaka 1895. Namba haikunyang'anyi kitu hapo, kwa sababu kisheria havikuwa vya kuuza tangu mwanzo.

Kutangazwa kwenyewe kunaweza kuchukua muda mrefu na bado kukawa na faida. Boma la mawe la Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, lilitangazwa mwaka 1981, na mwaka 2018 likaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini katika eneo hilo la ziwa, watafiti wameorodhesha maboma ya namna hiyo zaidi ya 500. Moja lina ubao na wageni. Mengine mengi, yule asiyejua anayaona kama rundo la mawe ya kujengea.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zungumzeni kwanza. Mwenye shamba akubali kabla ya mtu yeyote kuandika. Kama ni kaya, kaburi au mahali pa tambiko, wazee wanaohusika ndio wa kusema ni nini kiandikwe na ni nini kibaki kwao. Mkipuuza hili mtapata namba na kupoteza amani.

2. Tazameni bila kuchimba. Andikeni kile kinachoonekana juu: vigae, mawe yaliyochongwa, mawe meusi yanayong'aa kama chupa, mawe ya kusagia, mavi ya chuma, kuta, makaburi ya mawe, michoro kwenye mwamba. Msichukue. Msioshe. Msipange vizuri ili picha ipendeze.

3. Pimeni mahali. Chukueni latitudo na longitudo kwa simu, mkisimama katikati. Andikeni pia kijiji, kata ndogo, kata, kaunti ndogo na kaunti. Pimeni ukubwa kwa hatua: mfano hatua 60 kwa 40.

4. Pigeni picha. Moja ya mbali ionyeshe mlima au mti mkubwa ulio jirani. Nyingine za karibu, na kando ya kitu muweke kalamu au rula ili ukubwa ujulikane.

5. Andikeni maneno ya wazee. Mahali panaitwaje? Maana ya jina ni nini? Nani walikuwa pale? Wakitofautiana, andikeni yote mawili. Msiwalazimishe kukubaliana.

6. Elezeni hatari iliyopo. Mto unakula kingo? Kuna machimbo ya changarawe? Barabara imepimwa? Kuna watu wanaochimba usiku wakitafuta mali iliyofukiwa? Hili liwekwe wazi, kwa sababu ndilo linaloonyesha haraka ya jambo.

7. Pelekeni barua. Makumbusho si Nairobi tu. Kuna ya Kisumu, Kitale, Kapenguria, Kabarnet, Narok, Meru, Malindi, Lamu na kwingineko. Pelekeni kwa mkono kwenye iliyo karibu, mgongewe mhuri kwenye nakala yenu, na nakala hiyo ikae katika faili la kikundi.

8. Fuatilieni. Wataalamu ni wachache na nchi ni kubwa. Huenda wakataka kuja kuona kabla ya kutoa namba. Chagueni mtu mmoja wa kuulizia kila baada ya muda. Namba ikitoka, iandikwe katika daftari la kikundi, kwa chifu na shuleni. Namba iliyolala kwenye droo ya katibu haimsimamishi dereva wa tingatinga.

Kama kitu kimegunduliwa ghafla, kwa mfano mnachimba msingi au kisima, msingoje mpaka kikundi kikutane. Sheria ya 2006 inataka taarifa ifike NMK ndani ya siku 7, ikionyesha mahali hasa na jinsi kilivyopatikana. Na ikiwa ni mifupa ya watu, simamisheni kazi, mwiteni chifu na polisi kwanza. Si kila mfupa ni wa kale.

BARUA YA MFANO

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi.
Kupitia kwa Msimamizi, Makumbusho ya (jina).

KUH: OMBI LA NAMBA RASMI YA MAHALI PA KALE

Sisi kikundi cha (jina), kijiji cha (jina), kata ya (jina), kaunti ya (jina), tunaomba mahali panapoitwa (jina la wenyeji) paandikishwe na kupewa namba.

Mahali hapa pako latitudo ____ na longitudo ____. Ukubwa wake ni kama hatua ____ kwa ____. Juu ya ardhi tumeona (orodha). Hatukuchimba wala kuondoa kitu. Wazee wanasema (kwa ufupi). Hatari iliyopo ni (elezeni).

Mwenye ardhi amekubali, na sahihi yake iko hapa chini. Tumeambatisha picha ____ na ramani tuliyochora kwa mkono. Tunaomba pia kujulishwa kama mahali hapa pamekwisha kuandikishwa zamani.

Wenu,
(Mwenyekiti, katibu, mwenye ardhi)
Nakala: Chifu, ofisi ya utamaduni ya kaunti.

Lile ombi la mwisho msilisahau. Mahali pengine palitembelewa na watafiti zamani na tayari pana namba, ila wenyeji hawakuambiwa. Hapo kazi yenu inakuwa nyepesi: mnaomba namba iliyopo na kuwapa habari mpya juu ya hali ya mahali.

MAMBO YA KUEPUKA

Msitangaze latitudo na longitudo katika makundi ya simu wala kwenye kanda za video. Wezi wa vitu vya kale nao wana simu. Kwa jirani inatosha kusema "kule juu ya mto". Hesabu kamili ni ya barua.

Msimruhusu mtu kuchimba kwa sababu anasema ni mtafiti. Mtafiti wa kweli ana kibali na haoni haya kukionyesha. Akikasirika kuulizwa, mmekwisha kumjua.

Msiahidi watu utalii. Tumeona vikundi vikivunjika kwa sababu mwenyekiti alisema wageni watakuja na dola. Namba haileti wageni. Inaleta kumbukumbu, na kumbukumbu inatosha kuanzia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni mahali pa kale patatu katika kata yetu. Ni papi kati yake paliko kwenye karatasi yoyote?

2. Ni mzee gani anayejua habari za mahali hapo? Ana umri gani, na nani amekwisha kumsikiliza na kuandika?

3. Kuna mradi gani unaokuja karibu: barabara, machimbo, bwawa, ploti mpya? Umebakiza miezi mingapi?

4. Mwenye shamba akikataa, tutamweleza nini bila kumtisha wala kumdanganya?

5. Nani kati yetu ana simu yenye ramani, na nani ana mwandiko mzuri? Hao wawili watakutana lini?

Kikundi kikijibu maswali haya kwa mkutano mmoja, mkutano wa pili unaweza kuwa wa kutembea mpaka pale mahali, daftari mkononi. Barua ipelekwe kabla ya mvua, maana mvua ikiisha ndipo malori ya changarawe huanza safari.